Uzio Tuliopeleka Ijara

Tangu nirudi sijapata kumaliza kikombe cha chai kikiwa bado moto. Nikipeleka mahindi kusagwa, nashikwa mkono. Nikitoka ibadani, nazungukwa. Na swali ni lile lile: "Mwalimu Wawira, ni kweli uliikata seng'enge yetu?"

Ni kweli. Niliikata kwa mikono hii hii iliyowafundisha watoto wenu. Lakini nikisimulia kipande leo na kipande kesho, kila mtu ataondoka na chake, na kabla ya mwezi kuisha itasemekana nilichoma kanisa. Kwa hiyo naandika yote mara moja. Pokezaneni karatasi hizi, na anayetaka kugomba agombe akishafika mwisho.

Mnanijua. Nimefundisha shule ya Jumapili hapa Kutus kwa miaka thelathini, na somo ninalolipenda kuliko yote ni la ardhi: bustani ya kwanza, nchi ya ahadi, visima vya mababu, jangwa. Nimechora ngamia ubaoni mara zisizo na idadi na kusema kweli sikuwahi kumwona hata mmoja. Nimezaliwa mahali ambapo ukichomeka kijiti ardhini kinaota. Nilikuwa naeleza kiu ya jangwani huku mvua inapiga mabati mpaka watoto hawanisikii!

Basi mnakumbuka kamati ilivyoamua. Kule Ijara, kusini mwa Garissa, tuna kanisa dogo la mabati kwenye ekari moja, la walimu, wauguzi na watu wengine wa bara wanaofanya kazi huko. Mwinjilisti wake ni Kimanzi, kijana mpole wa Mwingi. Mwenyekiti wetu, Mzee Njogu, alisema kiwanja kisicho na uzio ni kiwanja cha kila mtu. Akatoa sharti: uzio uzunguke ekari yote kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo Kimanzi anarudishwa na kanisa linafungwa. Nguzo na seng'enge mliyochangia vilitangulia kwa lori. Ilitakiwa mtu wa kwenda kusimamia kazi, kuombea uzio na kufundisha somo la ardhi. Nilinyosha mkono kabla mwenyekiti hajamaliza sentensi.

Baadhi yenu mlininong'oneza nisiende huko. Mume wangu akasema, "Mwacheni akaone ngamia wake, nasi tupumzike." Habari za tiketi na makaratasi naziruka, hazina utamu.

Thika hadi Ukasi

Basi la Garissa nililipandia Thika. Kiti changu kilikuwa kimekaliwa na mafurushi ya vitambaa, na mwenye mafurushi alikuwa mwanamke wa makamo aliyevaa jilbabu la rangi ya zambarau. Aliyahamisha moja moja bila haraka, akanikaribisha dirishani kana kwamba basi ni sebule yake, kisha akanipa sambusa. Jina lake Fatuma, mfanyabiashara wa Galbet, mjini Garissa. Kwa kuwa nilikuwa na mvi kumzidi, aliniita habaryar, yaani mama mdogo. Kufika Matuu nilikuwa najua majina ya watoto wake wote, naye alijua presha yangu.

Baada ya Mwingi nilianza kuona jambo lililonikosesha raha. Nyua za mashamba zilikuwa zinapungua. Kwetu hata kuku anajua mpaka. Huko zilianza kwisha nyua za miti, zikafuata za nguzo, mwishowe nikaona nchi imelala tu, nyekundu, kichaka na kichaka, hadi macho yanachoka.

"Fatuma, hii yote ni ya nani?" nikauliza.

"Hii ardhi? Ya Mungu," akasema, akimenya chungwa. "Halafu ya watu. Kwani habaryar unataka kununua?"

Abiria wa nyuma wakacheka. Nami nikacheka, ingawa nilikuwa nimeuliza kwa dhati.

Kabla ya Ukasi mkanda wa injini ulikatika, tukakaa juani saa mbili na nusu. Nyie, jua lile! Dereva aliingia chini ya basi, utingo akawa anapiga simu, na mimi nilikuwa nimekaa juu ya furushi la Fatuma nikijipepea na kitabu cha nyimbo. Ndipo nikawaona. Walitoka kichakani mmoja mmoja, shingo zimenyooka, wakivuka barabara bila kututazama.

"Ngamia!" nilipiga ukelele uliomtoa dereva chini ya basi akiuliza nani ameumia. "Ngamia! Ngamia wa kweli!"

"Wallahi, hujawahi kuona ngamia?" Fatuma aliuliza. "Na wewe ndio unafundisha watoto?"

Nilisimama pale nikitokwa na machozi ya furaha. Nikagundua pia kwamba miaka yote thelathini nimekuwa nikimchora na magoti yakikunjika upande usiofaa. Watoto wenu wanisamehe.

Daraja la Tana

Kabla ya daraja la Garissa watu wote walishuka, wakapanga foleni na vitambulisho mkononi. Askari alinitazama, akatazama kitambulisho, akanitazama tena.

"Mama, unaenda wapi?"

"Ijara."

"Kufanya nini?"

"Kufundisha habari za ardhi."

"Kumbe wewe ni wa ofisi ya ardhi?"

"La, mimi ni wa kanisa," nikasema. Lakini wapi! Foleni ilikuwa imesikia lile la kwanza tu. Tuliporudi kwenye basi, mzee mmoja alinieleza kiwanja chake kilivyogawanywa mara mbili, na mama mmoja akanionyesha picha ya barua kwenye simu. Nilikana mpaka nikachoka. Fatuma hakunisaidia hata kidogo, alikuwa anacheka ndani ya mtandio wake.

Basi likapanda daraja, nami nikaanza kuimba polepole wimbo wa kuvuka Yordani. Mto ulikuwa wa rangi ya chai ya maziwa, mpana, unakwenda kimya. Fatuma akanigusa bega.

"Unaimba nini? Hii ni Tana. Maji hii inatoka kwenu."

Jamani, ilinipiga! Thiba yetu, ile tunayofulia nguo na kunyweshea mpunga, inaingia Tana. Nilikuwa nimekwenda kutazama nchi ya wengine na kumbe maji yetu yalitangulia. Nikawatangazia abiria wote kwamba haya ni maji ya kwetu. Mmoja akaniambia niwaambie watu wangu waache kuyamaliza kwenye mpunga.

Galbet

Kwa ajili ya ule mkanda wa injini, gari la Ijara lilikuwa limekwisha kuondoka. Nilikuwa naanza kuulizia nyumba ya wageni Fatuma aliponikata kauli. "Mgeni wangu alale hoteli? Watu watasema nini?" Akabeba begi langu mwenyewe.

Kwake Galbet nilitandikiwa mkeka, nikaletewa sinia la wali wa nyama ya ngamia, na juu ya wali, ndizi mbivu. Nikaiweka ndizi kando, niile baadaye. Watoto wakanitazama kwa huruma. Nikaletewa nyingine. Nikaiweka kando pia. Ilipokuja ya tatu, Fatuma alishindwa kuvumilia, akaimenya, akaikata na kuichanganya na wali wangu. Nikaonja kwa heshima tu. Loo! Tangu nirudi nala wali na ndizi, na mume wangu ananitazama kama watoto wale walivyonitazama. Maziwa ya ngamia yalinishinda kidogo, yana harufu ya moshi, lakini niliyamaliza.

Tulizungumza juu ya Ibrahimu, ambaye ni baba wa imani kwetu na nabii kwao. Fatuma aliujua mwendo wake wote na mifugo yake kuliko nijuavyo mimi. Nilipomwambia nchi yote ile aliahidiwa na Mungu, aliuliza, kwa lafudhi yake inayogeuza p kuwa b na v kuwa f, "Na alibewa cheti?"

Asubuhi alinipa dawa ya kuchua magoti na majani ya chai vya kumpelekea mama yake, Halima, anayechunga ng'ombe Ijara pamoja na wanawe. Kisha akanishika mkono, akaacha mzaha.

"Ukifika, nenda kwake kwanza. Kabla ya kazi. Atakuambia, warran. Nyinyi watu ya bara mnafikiri ni salamu, mnasema nzuri, mnaenda. Habana. Warran ni leta habari. Kaa chini. Sema umetoka wabi, umelala wabi, mfua imenyesha wabi, nyasi iko wabi, na umekuja kufanya nini. Yeye atakuambia yake. Halafu ndio ufanye kazi."

Nikasema nimeelewa. Mwalimu akisema ameelewa, mara nyingi ana haraka.

Garissa hadi Ijara

Landkruza ya Ijara ilibeba watu, unga, godoro, mbuzi wawili na mimi. Mahali pengi barabara ni wazo tu. Tulizama mchangani mara nne, na kila mara wanaume walishuka, wakakata matawi, wakayalaza chini ya magurudumu, wakasukuma. Mara ya tatu nami nilisukuma. Dereva alinisihi nikae, nikakataa, nikasukuma mpaka kiatu kikabaki kwenye mchanga na gari likaondoka. Nilifurahi kama mtoto! Saa ya sala ya adhuhuri ilipofika walisimamisha gari, wakatandika mikeka, nami nikasali zangu upande wa pili wa gari. Kulikuwa na kimya cha namna ambayo sijapata kuisikia kwetu.

Njia nzima nilikuwa nafanya mahubiri kichwani. Mungu anampa mtu bustani ailime na kuitunza. Na kutunza, nilijiambia, ni kuzungushia ua. Niliona fahari. Nilijiona nikisimama mbele ya uzio unaong'aa.

Tulifika Ijara alasiri ya Alhamisi. Nilitarajia ngamia wengi zaidi, nikakuta huko ni nchi ya ng'ombe, weupe, wenye nundu, wazuri kupita kiasi. Karibu na kituo wazee wawili waliniambia, "Warran, mwalimu?" Inaonekana simu ya Fatuma ilifika kabla yangu. Nikajibu, "Nzuri sana!" nikapita nikiwapungia mkono. Dawa na majani ya chai vilikuwa ndani ya begi. Nikasema nitampelekea mama Jumamosi, kazi ikiisha. Si naye ni mzee, hakimbii popote?

Siku ya uzio

Kimanzi na waumini walikuwa wamekwisha kuchimba mashimo pande mbili za ekari. Upande wa mashariki na wa magharibi hawakugusa. Pale palikuwa na ukanda mpana wa ardhi kavu uliokatiza kiwanja kutoka upande mmoja hadi wa pili, hauna hata jani. Kwetu mahali pasipoota kitu ni mahali palipotelekezwa, na niliona aibu kwa niaba ya kanisa.

"Mbona huku hamjachimba?" nikamuuliza.

Kimanzi akakuna kichwa. "Mwalimu, kuhusu huku nilitaka tuzungumze. Niliandika barua kwa kamati..."

"Mwinjilisti, maneno baadaye. Kamati imesema ekari yote."

Nawaambieni ukweli ingawa unanichoma: nilimkata kauli kijana anayeishi pale, mimi niliyefika jana. Haraka haraka haina baraka, nami ndiye huwaandikisha watoto methali hiyo. Akachukua sururu. Ilikuwa Ijumaa, wanaume wa mji walikuwa wanajiandaa kwenda msikitini, na wachungaji walikuwa malishoni, mbali. Hakuna aliyetuona wala kutuuliza. Kufikia jioni nguzo zilikuwa zimesimama pande zote nne, seng'enge nyuzi tano, imevutwa mpaka inalia ukiigusa. Niliomba maombi marefu. Niliupiga picha uzio wenu, na ile picha mliyoipokea mkaishangilia ndiyo hiyo.

Siku ya ng'ombe

Jumamosi asubuhi niliamshwa na mlio. Nilidhani ni lori. Nikatoka na leso kichwani, nikaona vumbi, na chini ya vumbi ng'ombe, safu baada ya safu, wamesimama upande wa pili wa seng'enge. Hawakuisukuma. Wamesimama tu wakilia, pua zimeinuliwa, kwa sababu mbele yao, ng'ambo ya kiwanja chetu, kulikuwa na silanga, bwawa pekee lenye maji wakati huu wa ukame, na harufu yake ilikuwa inawafikia.

Kimanzi alikuja mbio, akanieleza haraka lile nililomzuia kusema jana. Wakati wa kiangazi ng'ombe hunywa siku moja, siku ya pili hukaa malishoni, na ule ukanda usio na majani ndiyo njia yao. Haukutelekezwa. Ulikanyagwa na kwato tangu zamani za mababu. Kulia kwetu kuna korongo, kushoto kichaka cha miiba, na kuzunguka ni mwendo wa nusu siku, ambao ndama hawangeuweza.

Wanaume waliokuwa na ng'ombe walikuwa wakizungumza kwa sauti ya juu. Mmoja alinionyesha kidole, nikasikia neno ofisi. Kumbe uvumi wa darajani nao ulifika! Waliamini serikali imenituma nikate nchi yao. Ndipo wakapisha, akaja mwanamke mzee, mrefu, mwembamba, akitembelea fimbo kwa sababu ya magoti. Nilipoyaona yale magoti nilijua ni nani kabla hajafungua mdomo.

Hakupaza sauti. Alifika kwenye seng'enge, akanitazama, akasema, "Warran."

Nikakaa chini mavumbini, pale pale. Naye akakaa, polepole, upande wake. Na mimi, mwalimu wa miaka thelathini, nikatoa habari kama mtoto anayesomeshwa.

"Ayeyo," nikamwita, yaani bibi, kama wajukuu wake walivyomtaja, "nimetoka Kutus. Mvua kwetu ipo. Mkanda wa basi ulikatika karibu na Ukasi, nyasi pale ni kidogo. Nililala Galbet kwa mwanao Fatuma. Nilikula wali wake. Yeye na watoto wazima. Amekutumia dawa na majani ya chai, navyo viko ndani ya begi langu tangu juzi, sikukuletea. Njiani mchanga ni mwingi, mvua hakuna. Nilikuja kujenga uzio wa kanisa. Na jana nimefunga njia yako."

Alingoja, kama mtu anayehakikisha kwamba habari imekwisha, kisha akatoa zake.

"Mimi yangu ni fubi. Mfua hakuna. Nyasi iko mbali. Ng'ombe haijakunywa siku mbili. Nimekuja na njia, nimekuta njia imefungwa. Aliyefunga amelala kwa mtoto yangu."

Afadhali angenitukana. Aligusa seng'enge kwa ncha ya fimbo.

"Hii inachunga nini?"

"Ardhi," nikasema. "Isipotee."

Akageuka kuwatazama wanawe, halafu mimi. Hakuwa anafanya mzaha, alitaka kujua kweli.

"Ng'ombe inabotea. Mbuzi inabotea, fisi inakula. Mtoto anabotea. Hizo tunafungia miiba. Ardhi itabotea wabi?"

Niliyafungua Maandiko yote kichwani, ukurasa kwa ukurasa, nikitafuta jibu. Nilikuta Mungu akiwaambia watu wake kwamba nchi ni yake, wao ni wageni tu wanaokaa naye. Nimeusoma mstari ule kila mwaka. Huwa nauruka haraka nifike kwenye mipaka na urithi, maana ndiyo tunayopenda. Nilikuta Ibrahimu, mwenye ahadi ya nchi nzima, na kipande pekee alichokinunua kilikuwa cha kumzika mkewe. Cheti hakuwa nacho. Fatuma alikuwa ameniuliza vizuri.

"Kimanzi," nikasema, "lete koleo."

Akabadilika rangi. "Mwalimu, tukiikata, Mzee Njogu atanirudisha. Kanisa litafungwa. Hawa waumini kumi na wanne watasali wapi?"

Hilo lilikuwa kweli, nami sikuwa na ahadi ya kumpa. Nilijua kwamba naweza kuwa nalifunga kanisa la Ijara kwa mkono wangu. Lakini pia niliona tutakachokuwa tukiibakiza seng'enge: watu wanaomsifu Mungu wa mbingu na nchi huku ndama wanakufa kiu kwenye uzio wao. Kanisa la namna hiyo limekwisha kufungwa, hata likiimba.

Nikakata. Uzi wa kwanza uliruka ukanichana mkono, kovu hili hapa. Wa pili, wa tatu. Wa nne Kimanzi alininyang'anya koleo, akakata yeye, na wa tano pia. Tukang'oa nguzo mbili, na waumini wakafungua vivyo hivyo upande wa silanga. Halima akatoa sauti moja nyembamba kooni, na ng'ombe wakaingia.

Nyie, sijui niseme nini! Walipita mbele ya mlango wa kanisa mkondo mmoja mweupe, vumbi likapanda mpaka juu ya msalaba, ndama wakikimbia, kengele za mbao zikigonga, nami nimejibanza ukutani nikilia na kucheka na kupiga vigelegele kama niko harusini. Wanaume walewale walioninyoshea kidole walinipungia fimbo. Nilipomletea Halima dawa yake, alinishika mkono uliochanika, akaufunga kwa kipande cha mtandio wake kabla hata hajajichua magoti.

"Mgeni anafunga njia," aliniambia. "Mwenyeji anajua ng'ombe inabita wabi. Sasa unajua."

Jumapili

Somo nililoandaa nililiacha mfukoni. Niliwaambia wale kumi na wanne lililotokea, ingawa walikuwa wameliona, na nikawasimulia Isaka, aliyechimba kisima akagombewa, akasogea, akachimba kingine akagombewa, akasogea tena, mpaka akapata kisima ambacho hakuna aliyekigombania, na pale ndipo aliposema Mungu amempa nafasi. Niliwaambia labda nchi ya ahadi hujulikana hivyo: ni pale ambapo ukinywa, jirani naye amekunywa. Muuguzi mmoja alilia. Kimanzi alikuwa anatazama sakafu, anafikiria kufunga mizigo.

Katikati ya wimbo wa mwisho tukasikia nje mashoka, na kitu kizito kikiburutwa. Waimbaji wakafifia. Nilitoka mimi kwanza, maana kosa lilikuwa langu.

Walikuwa wana wa Halima na majirani zao, wanakokota matawi makubwa ya miiba na kuyapanga kulizunguka jengo la kanisa, karibu na kuta, duara moja, kama boma wanalolalia ndama wao. Waliacha mlango upande wa njia. Halima alikuwa amekaa juu ya mtungi wa maji, anawaelekeza kwa fimbo.

"Huyu kijana ameniambia wakubwa yenu wanataka fence," alisema, akimwonyesha Kimanzi. "Haya, hii ni fence. Fisi haingii, mbuzi haingii. Haba ndani kuna watu. Watu ndio wanabotea."

Kimanzi aliketi chini. Nami nilirudi ndani kuwaambia watu wamalizie wimbo, tukauimba mara tatu.

Kutus

Safari ya kurudi ilikuwa ya furaha na mchanga, na kwa Fatuma nilikula ndizi tano. Seng'enge yenu haikupotea, imekunjwa vizuri, iko stoo kwa Kimanzi.

Alhamisi nilisimama mbele ya kamati. Mzee Njogu alikuwa na karatasi ya masharti mbele yake.

"Mwalimu, uzio upo?"

"Upo."

"Umezunguka ekari yote?"

"Hapana, mwenyekiti. Umezunguka watu."

Nikawaeleza yote, kama nilivyowaeleza ninyi hapa, na koleo sikulificha. Mzee Njogu alivua miwani. Mnamjua, ni mtu aliyekwenda mahakamani na ndugu yake wa tumbo moja kwa sababu ya mstari wa migomba. Nikaanza kutafuta begi langu.

"Huo wa miiba," akauliza hatimaye, "wameujenga wenyewe? Waislamu? Kwa ajili ya kanisa?"

"Wenyewe, kwa mashoka yao."

Akamgeukia katibu. "Andika, uzio upo. Mwinjilisti abaki."

"Vipimo, mwenyekiti?" katibu akauliza. "Kuna nafasi hapa ya vipimo."

"Hapo usiandike kitu," akasema Mzee Njogu, akavaa miwani yake.

Nilitoka nje mbio kumpigia Kimanzi simu. Alipokea, nikampigia kelele kwamba anabaki, kanisa linabaki, amesikia? Hakusikia. Nilisikia kengele za mbao, na kelele za kwato, na sauti yake mbali sana ikisema, "Ngoja, Mwalimu, ngoja kidogo, ng'ombe wanapita!"

Nikangoja mpaka wakaisha.